Kuona homoni na joto vikiendesha jeni za shayiri: wembe, iodini na maji ya 40°C

Aliyewahi kutengeneza kimea cha ulezi kwa ajili ya togwa anaijua tayari nusu ya somo hili: punje ikilowa ikachipua, wanga wake hugeuka sukari. Kazi hiyo hufanywa hasa na kimeng'enya kiitwacho alfa-amilesi, na agizo la kukitengeneza hutoka kwenye kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya punje, kwa njia ya homoni. Mnamo 1960 watafiti Yomo na Paleg, kila mmoja kivyake, walionyesha kuwa homoni ya mimea iitwayo asidi ya jiberelini inaweza kushika nafasi ya kiinitete hicho. Jaribio lao halihitaji mitambo mikubwa. Mimi naongezea joto, kwa kuwa hapo ndipo wengi hudanganyika.

Hatua ya 1: punje. Tafuta shayiri ya mbegu, yenye maganda yake. Mara ya kwanza nilinunua ile nyeupe ya kupikia supu, nikahangaika siku tano bila kupata chochote. Ile imekobolewa mpaka tabaka la alyuroni, lile linalozunguka wanga, likaondoka, na seli za alyuroni ndizo zinazopokea homoni. Kwenye shayiri tabaka hilo lina safu 3 za seli. Ngano ina 1 tu.

Kata kila punje kwa upana, utupe upande wenye kiinitete. Usiwe bahili. Kipande cha kiinitete kikibaki kitatoa jiberelini yake, na chupa yako ya kulinganishia itaharibika.

Hatua ya 2: usafi na kulowesha. Tia nusu hizo kwenye jiki iliyozimuliwa kwa dakika 20, kisha suuza mara nyingi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Bakteria nao hutoa amilesi, na iodini, tutakayoitumia mwishoni kuonyesha wanga ulioliwa, haibagui. Zilaze siku 3 gizani, kwenye mchanga mbichi uliotakaswa, 25°C. Zikishalainika, kwangua wanga taratibu kwa mgongo wa kibano mpaka libaki tabaka jembamba linalopitisha mwanga. Ukizivunja tano za kwanza, usijali, mkono huzoea.

Hatua ya 3: chupa. Kila chupa iwe na matabaka 10 ndani ya mililita 2 za kloridi ya kalsiamu, milimola 10 kwa lita. Bila kalsiamu, amilesi haidumu. Ya kwanza haina homoni. Ya pili ina jiberelini, mikromola 1 kwa lita. Ya tatu ina jiberelini hiyohiyo pamoja na asidi ya absisiki, homoni nyingine ya mimea, mikromola 50 kwa lita. Ya nne na ya tano ni kama ya pili. Hizo ni za joto. Homoni huyeyushwa kwanza kwenye alkoholi, hivyo weka alkoholi kiasi kilekile katika zote, hata isiyo na homoni. Tikisa polepole saa 18, 25°C.

Hatua ya 4: joto. Mimina maji ya chupa ya nne na ya tano, lakini uyatunze. Suuza matabaka mara tatu, weka mchanganyiko mpya wenye jiberelini, kisha moja ibaki 25°C na nyingine iingie kwenye maji ya 40°C kwa saa 3. Baada ya saa ya kwanza badilisha mchanganyiko tena, maana amilesi ya zamani iliyonasa kwenye kuta za seli bado inachuruzika. Unachopima ni cha saa mbili za mwisho.

Yale maji uliyotunza nayo yaweke 40°C kwa saa hizohizo 3. Usiiruke sehemu hii.

Hatua ya 5: kusoma. Mimina kwenye visahani agari ya 1.5% yenye wanga 0.2%, toboa vishimo kwa mrija wa soda, tia matone sawa, subiri saa 2, kisha mwagia iodini. Pasipo na amilesi pana weusi wa buluu; palipo nayo pana duara jeupe.

Chupa ya pili itatoa duara kubwa. Jiberelini husababisha kuvunjwa kwa protini za DELLA, ambazo ni breki; GAMYB, protini inayowasha jeni, hutengenezwa, hushika mwanzo wa jeni ya amilesi, na jeni husomwa. Ya tatu itatoa duara dogo au lisionekane: asidi ya absisiki huizuia GAMYB isipatikane, na wakati huohuo huwasha jeni za kustahimili ukavu.

Sasa tazama joto. Maji uliyotunza yatakuwa bado yanakula wanga vizuri, ilhali matabaka ya 40°C yametoa kidogo sana kuliko yale ya 25°C. Basi kimeng'enya chenyewe hakikuharibiwa na joto. Kilichokoma ni utengenezaji. Mwaka 1986 watafiti Belanger, Brodl na Ho walionyesha kuwa joto la namna hii huvuruga retikulamu ya endoplazimu ya alyuroni, yaani utando wa ndani ya seli ambamo amilesi hutengenezwa, na nakala za RNA za amilesi (nakala za jeni zinazobeba agizo) huharibiwa, huku seli ikitengeneza protini za mshtuko wa joto, zinazoikinga. Jiberelini ipo palepale, lakini agizo lake linachanwa njiani.

Kisahani hakioni RNA, kinaona matokeo yake tu. Mwenye mashine ya PCR, inayoweza kusaidia kupima RNA, agandishe matabaka machache mara tu yatokapo kwenye joto, kabla hayajapoa mezani, kwa sababu yakirudi 25°C seli huanza kujirekebisha.