Sili mpya bado inavujisha oili? Pima pumzi ya injini kwanza

Kama umeshabadilisha sili au gasketi mara mbili na oili bado inavuja, usinunue ya tatu kabla ya kupima pumzi ya injini. Washa gari, liache lingurume bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili, kisha funika tundu kwa glavu nyembamba ya mpira. Mkono usikaribie feni wala mikanda. Glavu ikinyonywa ndani kidogo, injini inapumua vizuri. Tafuta uvujaji kwingine. Ikivimba kama puto, kuna mgandamizo wa gesi umenaswa ndani, nao hutafuta njia ya kutoka penye udhaifu: kwenye sili yako mpya. Mara nyingi chanzo ni vali ya PCV (inayotoa gesi hiyo ndani ya injini), au mpira wake, iliyoziba kwa tope la oili. Ni kipuri kidogo sana. Mimi gia boksi ilishushwa mara mbili kwa ajili ya sili ya nyuma ya injini kabla ya mtu yeyote kukitazama! Glavu ikivimba hata baada ya kuweka vali mpya, huenda ringi za pistoni zimechakaa. Kwa dizeli usitegemee kipimo hiki, maana nyingi hupumulia nje kidogo hata zikiwa nzima.