Namna ya Kuanza Kazi ya Utafiti wa Sera za Afya Jijini Nairobi

Anayetaka kuwa mtafiti wa sera za afya aanzie hospitalini, hata kama shahada yake ni ya uchumi au sosholojia. Ninalisisitiza hili kwa sababu takwimu nyingi atakazozichambua baadaye huzaliwa katika daftari lililo mezani pa muuguzi.

Omba nafasi ya mafunzo katika kitengo cha kumbukumbu za afya cha hospitali ya umma, ukae kando ya afisa anayejumlisha. Utamwona akifungua daftari la watoto wa chini ya miaka mitano, MOH 204A, akishuka mstari kwa mstari katika safu ya ugonjwa, kisha akijaza fomu ya MOH 705A, yenye nafasi kwa kila siku ya mwezi, ambayo hatimaye huingizwa katika mfumo wa taarifa wa taifa. Safu ya ugonjwa ikiachwa wazi kwa kuwa foleni ilifika hadi mlangoni, nimonia ya mtoto huyo haitahesabiwa popote. Mtafiti aliyeliona jambo hili kwa macho yake hawezi kuichora grafu bila kuuliza ni nini hakikuandikwa.

Shahada ya uzamili katika afya ya umma au uchumi wa afya itahitajika, na taasisi kama KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, huajiri watafiti wasaidizi.

Utafiti wako mwenyewe uanze na idhini ya kamati ya maadili, ndipo uombe leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), barua ya idara ya afya ya kaunti na ruhusa ya uongozi wa hospitali. Tenga miezi kadhaa kwa shughuli hiyo.

Kuhusu swali la kuchunguza, mimi ningemwelekeza kijana kwenye bima. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, mnamo Oktoba 2024; mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, ilhali mama mboga wa Kawangware hukadiriwa uwezo wake kwa maswali kuhusu nyumba na mali aliyo nayo. Keti naye kibandani, umwombe akueleze alivyoyajibu na alichopangiwa kulipa.

Mwisho, jua mwenye uamuzi. Tangu ugatuzi wa 2013, hoja inayohusu Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hupelekwa Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, lakini ya Pumwani au Mama Lucy Kibaki ni ya kaunti. Andika muhtasari wa kurasa mbili, gharama ikiwa katika ukurasa wa kwanza, na uuwasilishe kabla ya tarehe 1 Septemba, ambapo mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka unaofuata hufikishwa mbele ya bunge la kaunti, kwani ukiuleta Mei utakuta makadirio ya bajeti yamekwisha kuwasilishwa.