Kurudisha Springi na Pini Ndogo za Bastola ya M1911

Bastola ya M1911, iliyobuniwa na John Browning na kupokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1911, ilibaki silaha rasmi ya mkononi ya jeshi hilo hadi 1985, na mpaka leo viwanda vingi vya nchi hiyo vinaitengeneza. Kuifungua hadi kipande cha mwisho si shida. Shida ipo katika kuirudisha, kwa sababu kila springi ndani yake hubanwa na kipande kingine, na anayepuuza mpangilio huishia kuitafuta chini ya kabati, au huipata jichoni.

Kabla ya lolote, toa risasi zote ndani ya bastola na katika chumba unachofanyia kazi, vaa miwani ya kinga na utandike kitambaa cheupe mezani. Andaa bisibisi nyembamba, panchi (kijiti cha chuma cha kusukumia pini) na nyundo ndogo. Browning alivisanifu vipande hivi ili vingine vitumike kama zana, kiasi kwamba ncha ya springi bapa huweza kuzungusha kufuli la kitufe cha magazini. Hata hivyo, mwenye bisibisi nzuri hana sababu ya kujitesa.

Anza na slaidi, yaani sehemu ya juu inayoteleza nyuma na mbele. Rudisha kwanza kitoa ganda, kisha ingiza pini ya kupigia ikiwa na springi yake katika tundu la nyuma. Isukume ndani kwa panchi, na papo hapo upandishe bamba la kuizuia kutoka chini, ukiichomoa panchi taratibu kadiri bamba linavyolifunika tundu. Pini itarudi yenyewe na kukaa katika shimo la bamba. Hatua hii ifanyike ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ili kikikuponyoka kitu kisiende mbali.

Kwenye fremu, yaani mwili wa chini wenye kitako, upande wa kushoto juu ya kitako hicho, kuna kibomba chembamba chenye springi moja na pini mbili. Pini yenye ncha kali hukaa nyuma na kuishikilia swichi ya usalama. Yenye ncha ya mviringo hukaa mbele na kukishikilia kizuizi cha slaidi. Springi hii haikunyooka kabisa: katikati ina mpindo mdogo unaokwaruza kuta za kibomba na kuizuia isichomoke. Ikiwa yako imenyooka kama msumari, ipinde kidogo sana kabla ya kuiingiza, la sivyo itaruka siku utakapoondoa swichi.

Springi bapa ndiyo inayowasumbua wengi. Ina vidole vitatu, na kila kimoja kina kazi yake: cha kushoto hukisukuma kipande kinachoishika nyundo, cha katikati hukisukuma kitenganishi (kipande kinachozuia kufyatua slaidi ikiwa haijafunga), na cha kulia huusukuma usalama wa kiganja, ule unaobanwa na kiganja nyuma ya kitako. Chini ina kijino ambacho lazima kiingie katika mfuo wa fremu. Ukishaiweka, telezesha nyumba ya springi kuu (kipande cha nyuma ya kitako chenye springi ya nyundo) kutoka chini hadi zibaki takriban milimita 3, ili iibane springi bapa bila kuilemea. Sasa tazama kutoka nyuma, kwa tochi ikibidi, uhakikishe kwamba kidole cha kushoto hakikuteleza kikaenda kulalia kitenganishi, kwa kuwa kikiteleza nyundo haitasimama na bastola inakuwa ya hatari.

Baada ya hapo weka nyundo na pini yake, kisha usalama wa kiganja. Vuta nyundo nyuma hadi ishike, pitisha swichi ya usalama kutoka kushoto, na uibonyeze ile pini yenye ncha kali kwa bisibisi huku ukiisukuma swichi ndani. Shusha nyundo taratibu kwa kidole gumba, ukihakikisha kijiti chake kimetua katika kikombe kilicho juu ya springi kuu. Ndipo uisukume nyumba hadi mwisho na kuingiza pini yake. Ikigoma, usiigonge, karibu kila mara kijiti ndicho kimebaki nje ya kikombe.

Wakati wa kuunganisha slaidi na fremu, kizuizi cha slaidi kisiingizwe kwa kukizungusha kutoka chini, maana hapo ndipo unapotokea ule mkwaruzo wa nusu duara ambao wanunuzi wa bastola kuukuu huutazama kwanza. Kilinganishe na mkato wa slaidi, bonyeza pini ya mbele, usukume moja kwa moja. Springi ya kurudisha slaidi hufuata: upande wenye mizunguko iliyobana huelekea kwenye fimbo ya kuiongoza, na kizibo hubanwa kwa gumba lililofunikwa kitambaa mpaka bushi, ile pete ya mdomoni mwa slaidi, izungushwe juu yake, uso wako ukiwa kando.

Ikiwa bado haina risasi, vuta nyundo nyuma hadi ishike na uweke usalama, kisha vuta kifyatulio. Nyundo isianguke, wala isianguke unapoutoa usalama baadaye. Vuta tena bila kubana usalama wa kiganja, na mara ya tatu slaidi ikiwa imerudi nyuma milimita chache. Ikianguka katika jaribio lolote kati ya hayo, usiipakie risasi: ifungue tena uanzie kwenye springi bapa, na tatizo likirudi, ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni.