Mbawakawa wa mizinga: chunga siku ya kuhamisha nyuki wadogo

Kundi la nyuki wadogo, yaani nyuki wasiouma, likifa, wengi wetu hapa Kanda ya Ziwa tunawalaumu siafu. Siafu wana makosa yao, sikatai. Lakini ukifungua mzinga ukakuta asali imegeuka uteute unaonuka kama machungwa yaliyooza, na funza weupe wamejaa kwenye vyungu vya chavua (vijungu vya nta na ulimbo ambamo nyuki hawa huweka chakula), hiyo si kazi ya siafu. Ni mbawakawa mdogo wa mizinga, Aethina tumida, mweusi au kahawia iliyoiva, mwenye urefu wa milimita 5 hadi 7.

Asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara. Jina la mdudu vamizi alilipata ugenini: mwaka 1998 alitambuliwa Florida, Marekani, na mwaka 2002 Australia, ambako leo wafugaji wa nyuki wasiouma humhofia hasa wanapogawa makundi. Huko huko imeonekana kwamba nyuki wa aina ya Tetragonula carbonaria, kundi likiwa na nguvu, humkabili mbawakawa anapoingia na kumfunika kwa ulimbo, nta na tope akiwa bado hai, asiweze kusogea. Kwa hiyo kundi zima, lenye walinzi na mlango mwembamba, linajitetea. Linaloangamia mara nyingi ni lile tulilolivunja wenyewe tukilitoa kwenye gogo au ufa wa jiwe: vyungu vimepasuka, asali imetiririka, na jioni sanduku linafungwa likiwa na nyufa.

Harufu ya asali na chavua ndiyo inayomvuta mbawakawa, naye huruka zaidi giza linapoanza kuingia. Anza kazi asubuhi, umalize mapema. Hamisha majana (mayai na watoto wa nyuki) na malkia, basi. Asali na chavua weka kwenye ndoo yenye mfuniko tangu mwanzo. Najua inauma kuwanyima nyuki chakula chao, lakini chungu kimoja kilichopasuka ndani ya sanduku jipya kinatosha kuharibu kila kitu. Futa asali iliyomwagika kwa kitambaa chenye maji. Ziba nyufa zote kwa utepe wa kubandika au udongo wa mfinyanzi, acha tundu moja dogo, kisha upake pembeni yake ulimbo wa mlango wa zamani ili nyuki walioko nje watambue kwao. Asali utawarudishia kidogo kidogo baadaye, walinzi wakishaonekana mlangoni.

Usifungue kila siku kuchungulia. Tazama mlango: nyuki wanaingia na chavua, walinzi wapo? Liache kundi lifanye kazi. Pilikapilika za mlangoni zikipungua, hapo fungua haraka, kwa sababu mayai ya mbawakawa huanguliwa ndani ya siku mbili tatu na funza hula kwa wiki moja hadi mbili. Usiwachanganye na viwavi wa nondo wa nta. Nondo huacha utando kama wa buibui. Funza wa mbawakawa hawafumi utando, nao wana miiba midogo mgongoni. Ukiwakuta, toa vyungu vyote vilivyoguswa na uhamishie majana mazima kwenye sanduku safi.

Funza wakishiba hushuka ardhini, hujifukia sentimita chache na kutoka wakiwa wamekomaa baada ya wiki tatu au nne hivi. Udongo tifutifu wenye unyevu ndio wanaoupenda, kwa hiyo mwenye shamba la luseni (majani ya kulishia mifugo) karibu na ziwa awe macho zaidi. Weka stendi juu ya jiwe au sakafu ngumu. Kuku wakipekua chini ya mizinga, usiwafukuze.

Dawa ya wadudu wa pamba iliyobaki stoo isikaribie mizinga kabisa, hata kwa kunyunyiza chini tu. Inayomuua mbawakawa humuua na nyuki, na asali hiyo hutaweza kumuuzia mtu.