Kuunganisha ndege kwa dakika 90: Dar, Doha, Washington

Wengi wanaoachwa na ndege ya pili huwa wameshakosea kwenye kaunta ya Dar, kabla hata hawajapanda ya kwanza. Mzigo ulifungwa tagi ya kuishia njiani, bodingi pasi ikatoka moja tu, au tiketi zilikuwa mbili na hakuna aliyewaambia. Mbio za uwanjani haziwezi kurekebisha hayo.

Mfano tutakaoutumia ni Dar es Salaam (DAR) hadi Doha (DOH), ambako una dakika 90 za kubadili ndege, kisha Washington Dulles (IAD), na mwisho ndege ya ndani ya Marekani hadi Columbus (CMH). Anayepitia Addis Ababa, Dubai au Istanbul atafuata karibu hatua zilezile.

Hatua ya 1: Tiketi iwe moja

Muulize wakala swali moja: safari yote ina namba moja ya tiketi? Namba hiyo ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 157 ni Qatar Airways, 176 Emirates, 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways. Safari yote ikiwa ndani ya bukingi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni jukumu la shirika kukufikisha. Ukiwa na bukingi mbili zisizojuana, ukichelewa umejichelewesha, na tiketi ya pili inaweza kufa hapohapo. Tofauti ya laki mbili tatu haifai kukushawishi ununue vipande.

Hatua ya 2: Soma saa vizuri

Saa za tiketi ni za mfumo wa saa 24, za mahali ndege ilipo. 02:30 ni saa nane na nusu usiku. Hatari zaidi ni ndege ya 01:15 ya tarehe 14: unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 13. Kila msimu kuna mtu anayefika siku nzima baadaye, akiwa amevaa vizuri na familia nzima imemsindikiza.

Doha, Istanbul na Addis Ababa zina saa sawa na Dar na Nairobi. Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa moja. Anayetoka Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi aongeze saa moja afikapo Doha.

Hatua ya 3: Viza za njiani

Marekani haina transiti ya kubaki ndani ya uwanja bila kuingia nchini, kwa hiyo viza ni lazima hata kama unapita tu. Uingereza huwadai Watanzania na Wakenya viza ya transiti hata wasipotoka uwanjani, isipokuwa wana hati zinazowasamehe, kwa mfano viza halali ya Marekani au Kanada. Mwenye pasipoti ya Kongo (DRC) anahitaji viza ya transiti ya uwanja katika nchi za Schengen, naye pia kuna hati zinazoweza kumsamehe. Angalia haya kabla ya kulipa, na uyakumbuke tena ukifika hatua ya mwisho.

Hatua ya 4: Kaunta ya Dar

Hapa usiwe na haraka, hata foleni ya nyuma ikinung'unika. Fika saa tatu kabla.

Usiseme "naenda Doha". Sema: "Naenda Columbus, naunganisha Doha na Washington." Mhudumu hufuata ulichosema na kilichopo kwenye skrini yake, na mara nyingine skrini inaonyesha bukingi ya kwanza tu.

Kabla ya kupima begi, bandua tagi zote za safari zilizopita, pamoja na vile vistika vidogo vya mistari vinavyobaki ubavuni. Mashine ya kupanga mizigo husoma mistari yoyote inayoiona, na begi linaweza kupelekwa lilikokwenda mwaka jana.

Begi likiwa kwenye mizani, usiliondolee macho. Mhudumu atazungusha utepe mrefu kwenye mkono wa begi. Soma zile herufi tatu kubwa kabla mkanda haujaondoka nalo. Zikiwa CMH, ni sawa. Zikiwa IAD, mzigo unafika Washington na huko utaukatia tagi mpya. Inavumilika kama muda wako Washington ni mrefu. Zikiwa DOH, simamisha kazi.

DOH hutokea kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni bukingi mbili ambazo mhudumu hakuziunganisha: mpe namba ya tiketi ya pili, zile tarakimu 13, na umwombe aiingize. Ya pili ni mashirika yasiyo na mkataba wa kupokeana mizigo, na hapo hakuna ombi litakalosaidia. Maana yake ni kwamba Doha utapita uhamiaji, utasubiri begi mkandani, utapanda tena ghorofa ya kuondokea na kuanza upya, huku kaunta za ndege nyingi za kimataifa zikifungwa dakika 60 kabla ya kuruka. Kwa dakika 90 haiwezekani. Badilisha ndege ya pili ukiwa bado Dar, au safiri na begi la mkononi peke yake, ukiwa na bodingi pasi ya pili tayari.

Sasa hesabu bodingi pasi. Zitake za karatasi. Simu huzima, na msimbo hausomeki kwenye skrini iliyopasuka. Ya Doha kwenda Washington ikikosekana, uliza kwa nini. Huenda hati za Marekani zinahitaji kuhakikiwa, au kaunta ya mtandao ya ndege hiyo bado haijafunguliwa. Kama wamekwambia "utapata Doha", basi kaunta ya transiti ndiyo ya kwanza ukitua, kabla ya choo.

Kijikaratasi cha mzigo kilichobandikwa nyuma ya pasipoti kipige picha. Namba yake ya tarakimu 10 ndiyo itakayolitafuta begi likipotea.

Hatua ya 5: Begi la mkononi

Kilo 7 kwa mashirika mengi ya njia hii. Weka dawa, nguo ya kubadili, chaja, hati zote na kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano). Manukato na vinywaji vya zaidi ya mililita 100 usinunue Dar. Utakaguliwa tena Doha.

Hatua ya 6: Doha

Kwa ndege ya kutoka Dar, omba kiti cha mbele, upande wa njia. Fanya hesabu hii: mlango wa ndege ya pili hufungwa takriban dakika 20 kabla ya kuruka, kwa hiyo dakika 90 ni 70. Kusimama kwa ndege na kushuka, 20. Ukaguzi, 20. Kutembea, 15. Umebaki na dakika 15, na hizo ni za ukaguzi wa ziada wa ndege za Marekani.

Fuata mabango yaliyoandikwa Transfers, usifuate watu. Kundi kubwa linaweza kuwa linaelekea uhamiaji. Ukimaliza ukaguzi, soma skrini, kwa sababu geti la kwenye karatasi linaweza kuwa limebadilika. Ukitokea kwenye dubu mkubwa wa njano mwenye taa kichwani, uko katikati ya maduka: angalia herufi ya geti lako hapo na uendelee.

Hatua ya 7: Washington

Tenga saa tatu, chini ya hapo usikubali. Uhamiaji kwanza, kisha unachukua begi mwenyewe hata kama tagi inasema CMH, unapita forodha, unalikabidhi tena, halafu ukaguzi mwingine. Chupa yoyote ya duka la uwanja iingize kwenye begi kubwa kabla ya kulikabidhi. Tangaza chakula chote. Embe na nyama kavu vitachukuliwa, na usipovitangaza kuna faini na muda unaopotea kwenye meza ya ukaguzi.

Hatua ya 8: Ndege ikikuacha

Usipite uhamiaji kutoka nje. Nenda kaunta ya transiti, na ukiwa foleni fungua programu ya shirika. Mara nyingi imeshakupangia ndege nyingine. Omba chakula na hoteli bila aibu. Wakikupa njia ya kupitia London, kumbuka hatua ya 3 kabla ya kukubali. Usinunue tiketi mpya ya kipande kimoja, kwa sababu ukiruka kipande cha tiketi ya zamani, vilivyobaki hufutwa, pamoja na vya kurudi.

Kama hii imetokea Addis Ababa wakati wa kurudi na umelala hotelini, kadi ya njano inaweza kudaiwa ukitua Dar. Iliyotolewa zamani bado inafaa; tangu 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ya maisha yote.

Begi lisipoonekana, andikisha ripoti kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka ukumbini, na uondoke na nakala yenye namba. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya maandishi yana siku 21 tangu ukabidhiwe begi lililochelewa, na siku 7 kama limefika limeharibika.