Maji ndani ya mafuta ya motere (injini): tafuta yanapopitia kabla ya kufungua trekta

Hapa Lubumbashi simu za namna hii huanza mvua zikishafungua, mwezi wa 11, wakati kila mwenye shamba wa barabara ya Kasenga na upande wa Kipushi anataka kulima kabla ya jirani. Dereva anachomoa kijiti cha kupimia na kusema: "Papa, mafuta imeongezeka." Wapo wanaofurahi. Lakini mafuta hayazaliani ndani ya karteri, lile bakuli la mafuta chini ya motere. Yakiongezeka, kuna kilichoingia, mazuti (dizeli) au maji. Mazuti huyafanya mepesi na harufu yake haijifichi. Maji huyageuza rangi ya chai ya maziwa.

Ukiona rangi hiyo, usiwashe tena, hata kwa kulisogeza trekta kivulini. Mafuta yenye maji hayashiki utando kwenye beringi za krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), na krankishafti ikikwaruzika gharama inapanda mara kadhaa. Pia usikimbilie kufungua kulasi (kichwa cha motere). Mafundi wengi hufanya hivyo, wanabadilisha gasketi, na baada ya wiki maji yanarudi kwa sababu hayakuwa yakipitia pale.

Hatua ya 1: Hakikisha ni maji ya radiatere

Acha trekta lilale mahali tambarare. Asubuhi weka beseni, legeza kizibo cha chini cha karteri polepole bila kukitoa. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yaliyojitenga hutangulia. Yasipojitenga, pasha kijiko kikavu juu ya mbabula (jiko la makaa) na udondoshee tone la mafuta. Likipasukapasuka kwa kelele, lina maji. Simama mbali kidogo, yanaruka.

Sasa tazama radiatere. Kama maji hayajapungua hata kidogo, nyanyua macho kwenye ekzosi. Matrekta mengi ya zamani yana bomba la moshi lililosimama wima, na kile kifuniko chake kidogo kilishapotea miaka mingi. Mvua ya usiku mmoja inashuka hadi kwenye silinda ambayo valvu yake imebaki wazi, inapita kando ya ringi za pistoni, inafika kwenye karteri. Dawa yake ni kopo tupu la maziwa ya unga juu ya bomba kila jioni, na kumwaga mafuta. Vilevile, povu la njano chini ya kifuniko cha kujazia peke yake, huku kijiti kikiwa safi, mara nyingi ni umande tu wa motere isiyopata moto vizuri. Asubuhi za baridi za mwezi wa 6 na wa 7 tunaliona sana.

Hatua ya 2: Jua motere yako ni ya aina gani

Hili ndilo linaloamua utatafuta wapi. Kuna motere ambazo shemizi, lile bomba la chuma ambamo pistoni inatembea, inaguswa na maji moja kwa moja kwa nje. John Deere nyingi za zamani ziko hivyo. Chini ya shemizi kuna mipira ya kuziba, na mpira ukikauka maji yanateremka moja kwa moja kwenye karteri. Shemizi yenyewe pia inaweza kutobolewa na maji vitundu vidogo kama ncha ya sindano. Massey Ferguson 135 yenye motere ya Perkins ya silinda 3 ni tofauti: shemizi yake ni kavu, imebanwa ndani ya bloku (mwili wa motere) na haigusi maji. Huko usipoteze siku ukitafuta mipira ambayo haipo. Washukiwa ni gasketi ya kulasi, kulasi iliyopasuka, au bloku.

Hatua ya 3: Sukuma maji kwa presha, motere ikiwa imezimwa

Kama una muda wa kipimo kimoja tu, fanya hiki. Mwaga mafuta yote na uache kizibo cha karteri nje. Jaza radiatere. Chukua mfuniko wa zamani wa radiatere, ziba valvu yake, utoboe na ufunge valvu ya tyubu ya baiskeli, kisha pampu kwa pampu yenye geji. Usizidishe presha iliyoandikwa kwenye mfuniko halisi. Kwa matrekta haya ya zamani ni karibu nusu ya bar, na ukizidisha utapasua radiatere nzima ya mwenye shamba.

Acha saa moja au mbili. Geji ikishuka na nje pakavu, maji yanaingia ndani. Sikiliza kwenye tundu la kizibo: tone, kimya, tone.

Kuona tone linatoka wapi kunataka karteri itolewe, na hapo nakuomba uwe na subira. Kwenye matrekta mengi karteri ni chuma kizito kinachobeba uzito wa mbele. Bila magogo imara chini ya motere na ya sanduku la gia, trekta linakatika katikati juu ya fundi. Ndiyo maana mimi hufanya hatua ya 4 kwanza.

Hatua ya 4: Toa injekteri

Presha ikiwa bado imo, toa injekteri zote (vile vipuliza mazuti ndani ya silinda) na uzungushe motere kwa mkono, siyo kwa starta. Silinda inayorusha maji imejitaja. Mulika ndani kwa tochi: pistoni iliyooshwa na mvuke hung'aa wakati jirani zake ni nyeusi kwa masizi. Silinda zote zikiwa kavu na matone yanaendelea chini, kulasi inaweza kuwa haina hatia kabisa. Ndipo utoe karteri.

Ukiwa chini: maji yakitoka kwenye ukingo wa nje wa shemizi, ni mipira. Yakiteremka ndani ya shemizi kando ya pistoni, ni gasketi, ufa, au shemizi iliyotoboka. Yakitoka upande wa kamshafti (mhimili unaofungua valvu), yanashuka kutoka juu kupitia matundu ya fimbo za valvu, kwa hiyo tazama kulasi. Yakitoka mbele kwenye gia, angalia pampu ya maji kama inaendeshwa na gia.

Hatua ya 5: Kulasi ikitoka

Weka rula ya chuma juu yake. Ikipitisha jani la geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) linalozidi sehemu moja ya kumi ya milimita, ipeleke kwenye mashine. Mji wa migodi hauna shida ya watu wa kuchonga chuma. Kwa nyufa, paka mafuta ya taa kati ya valvu, futa pakauke, pakia unga wa chaki. Ufa utajichora wenyewe.

Kabla ya kufunga, uliza kwa nini kulasi ilipinda. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji yasiyo na presha huchemka hapa karibu nyuzi 96. Radiatere iliyozibwa kwa kitambaa badala ya mfuniko itakurudishia trekta lilelile. Nunua mfuniko pamoja na gasketi, safari ileile ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Ukishafunga, weka mafuta ya bei nafuu na filta mpya, motere iungurume taratibu dakika 15, mwaga, badilisha filta tena, ndipo uweke mafuta mazuri. Kaza boliti za kulasi upya motere ikishapata moto mara ya kwanza, kwa mpangilio wa kitabu cha motere hiyo, kisha pima nafasi ya valvu.