Jinsi ya kulala kwenye shamba la familia kusini mwa Namibia, hatua kwa hatua

Nimekuwa dereva na mwongoza wageni wa njia ya kusini kwa muda mrefu sasa, zamani na yale malori ya safari ya Nairobi mpaka Cape Town, siku hizi na gari dogo la fowili, na kila Mtanzania au Mkenya akiniuliza Namibia alale wapi namwambia weka angalau usiku mmoja kwenye shamba la familia. Sio loji, sio kempu, shamba. Unalala nyumbani kwa watu, unakula nao meza moja, asubuhi unaona kondoo wanavyonyweshwa. Ila lina utaratibu wake na wengi wetu hatuujui kwa sababu kwetu gesti ni gesti tu, unafika saa nne usiku unapiga honi askari anafungua geti unapewa funguo. Kule haiendi hivo.

Naongelea hasa ile kanda ya Mariental, Maltahöhe, Helmeringhausen na kupanda mpaka pande za Solitaire, pembeni ya jangwa la Namib. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200 sehemu kubwa, na ukame sio hadithi, serikali yao ilitangaza hali ya dharura mwaka 2019 na ikatangaza tena 2024. Ndo maana shamba la hekta 10,000 kule ni la kawaida, majani ni machache na kondoo mmoja anahitaji eneo kubwa ashibe. Zamani hela ilikuwa kwenye ngozi za vitoto vya kondoo wa karakul, walioingizwa nchini 1907 wakati wa Wajerumani, afu miaka ya 1980 soko la Ulaya likaanguka watu walipoanza kukataa nguo za manyoya, na familia nyingi zikaanza kutafuta njia nyingine ya kuishi, ikiwemo kupokea wageni. Kwa hiyo ukilipia chumba unasaidia shamba kupita mwaka mbaya, na wenyewe wanajua hivo, wanakupokea kwa moyo.

Hatua ya 1: Chagua, afu andika meseji ya maana

Kwanza hakikisha ni shamba la wageni la kawaida na sio la uwindaji. Yapo ya uwindaji mengi tu na yapo yanayochanganya yote mawili, na kama hutaki kukaa meza moja na watu wanaosimuliana walivyopiga kudu (tandala) leo, uliza mapema.

Ukishapata, tuma meseji ya WhatsApp au imeli yenye vitu hivi: mko wangapi, watoto wana miaka mingapi, mnatokea wapi siku hiyo, mtafika saa ngapi, na mnakula nini. Hili la chakula usilipite. Vyumba vingi bei yake inakuja na chakula cha jioni na cha asubuhi, na mama mwenye nyumba anapika kwa idadi, duka la karibu linaweza kuwa kilomita 80 na zaidi, ukifika ukasema hapo hapo kwamba huli nyama anahangaika mpaka unamwonea huruma. Kama ni Mwislamu andika wazi: hakuna nguruwe, na nyama isiyochinjwa kihalali hamli, kwa hiyo mtashukuru mkipata mboga, mayai na mikate. Nyama ya oriksi (choroa) au springbok, swala wa kule, mara nyingi imepigwa risasi huko huko shambani, na soseji na bekoni za asubuhi ndo usiseme. Sijawahi kuona wakikasirika kwa kuambiwa mapema, kinyume chake wanafurahi umewafikiria.

Uliza pia kama wanapokea kadi. Mtandao ukikata mashine haifanyi kazi, beba keshi. Dola ya Namibia na randi ya Afrika Kusini thamani ni moja kwa moja na randi inapokelewa nchi nzima, ila dola ya Namibia ukivuka nayo kwenda Afrika Kusini itakusumbua kuitumia, so imalize kabla ya mpaka.

Hatua ya 2: Panga ufike saa tisa au saa kumi jioni

Hapa nakaza sauti kidogo. Usiendeshe usiku. Kudu ni mnyama mkubwa mwenye miguu mirefu, ukimgonga mwili unapanda boneti unaingia kwenye kioo upande wako, watu wanakufa hivo. Kampuni nyingi za kukodisha magari zinakataza kabisa kuendesha nje ya mji jua likishazama, na ukipata ajali bima haikujui. Saa za Namibia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na mwezi wa sita jua linazama kama saa kumi na moja na nusu hivi, yaani mapema kuliko ulivyozoea.

Kutoka Windhoek mpaka Mariental ni kama kilomita 260 za lami safi barabara ya B1, afu Maltahöhe kama 110 nyingine, nayo lami. Baada ya hapo ni changarawe. Jaza mafuta Mariental, ongeza Maltahöhe hata kama tangi bado lina robo tatu. Usiseme nitajaza mbele.

Hatua ya 3: Barabara ya changarawe

Spea mbili, sio moja. Jeki uijaribu kabla hujaondoka mjini, na spana ya magurudumu uione kwa macho. Punguza presha ya tairi, kwa fowili nyingi kwenye 1.8 mpaka 2.0 bar inakaa vizuri, ila muulize aliyekupa gari maana inategemea tairi na mzigo. Spidi isizidi 80, hata barabara ikionekana nyoofu na tupu, kwa sababu ule mchanga wa juu unateleza na ukikata usukani ghafla gari linapinduka lenyewe bila kugongana na mtu. Ukikutana na gari punguza, kaa kushoto, subiri vumbi lishuke ndo uendelee. Maji ya kunywa lita tano kwa kila mtu ndani ya gari, sio kwenye begi la juu. Mtandao wa simu unakatika kilomita nyingi, kwa hiyo pakua ramani ukiwa mjini na mwambie mwenyeji unapita njia ipi, akiona jioni imeingia hujafika anaanza kupiga simu mashamba ya jirani.

Hatua ya 4: Mageti

Kutoka barabara kuu mpaka nyumbani inaweza kuwa kilomita 10 au 20 na mageti kadhaa njiani. Sheria ni moja, geti ulilolikuta limefungwa ulifunge, ulilolikuta wazi uliache wazi. Usijiongeze ukafunga lililo wazi ukidhani unasaidia, inawezekana mifugo inapita hapo kwenda kwenye maji na ukiwafungia siku nzima kwenye joto wanakufa kiu. Kufunga maana yake ni mnyororo unaurudisha kwenye ndoano yake ulivyoukuta, sio kuegesha tu.

Hatua ya 5: Salamu

Ukifika usibaki kwenye gari kupiga honi. Shuka, subiri mbwa wanuse na mwenyewe atoke, mpe mkono kila mtu uliyemkuta pale, watoto pia. Ukijua Goeie middag (habari za mchana) na Baie dankie (asante sana), yaani Kiafrikana, lugha ya Makaburu, umeshaingia ndani ya nyumba. Wazee wa Kikaburu huitwa na vijana Oom (mjomba) na Tannie (shangazi), nawe ukiwaita hivo kwa heshima wanatabasamu. Familia za Kijerumani nazo ni nyingi, wao ni rasmi kidogo mwanzoni, wakishazoea wanafunguka.

Na wafanyakazi, jamani, wasalimie. Mara nyingi ni Wanama au Wadamara, wamezaliwa pale, baba zao walifanya kazi pale. Ardhi hii ina historia nzito, Waherero na Wanama waliuawa kwa maelfu mengi kati ya 1904 na 1908 na waliobaki wakanyang'anywa ardhi na mifugo, na mpaka leo mashamba mengi makubwa ya biashara yako mikononi mwa Wazungu. Mwafrika ukilala pale kama mgeni anayelipa, watu wa jikoni wanakuangalia kwa namna yake, wanauliza unatoka wapi, wengine wanataka kujua Tanzania iko umbali gani. Kaa nao dakika chache. Mimi mengi ninayoyajua kuhusu nchi ile niliambiwa na watu waliokuwa wanakamua mbuzi.

Hatua ya 6: Maji na umeme

Maji yanatoka kisimani, yanavutwa na pampu ya upepo au ya sola, yanakaa kwenye tangi kubwa la zege. Mengi yanafaa kunywa japo mengine yana chumvichumvi, uliza. Ya moto kwa wengi bado yanatoka kwenye donki, na hii ukipata nafasi nenda nyuma ya nyumba uione: pipa la chuma limelazwa juu ya tofali, chini yake kuna uwazi wa kuni, bomba la baridi linaingia huku la moto linatoka kule. Kama saa kumi na moja mtu anawasha magogo ya mgunga, baada ya saa hivi yako tayari. Ukifungua bomba linakohoa hewa kwanza, yanakuja ya baridi, afu ghafla yanakuja ya kuunguza kweli kweli, kwa hiyo usisimame chini yake, fungua ukiwa pembeni. Ile ndoo iliyowekwa bafuni ni ya kukinga hayo ya baridi ya mwanzo, yanamwagiliwa miti. Oga haraka, funga unapojipaka sabuni.

Umeme ni wa sola na betri sehemu nyingi. Hakuna kudraya nywele, hakuna pasi, hita ya maji uliyobeba iache kwenye begi. Plagi za kule ni za pini tatu nene za duara, chaja zetu za pini bapa haziingii, nunua adapta Windhoek.

Hatua ya 7: Jioni

Wakikualika kwenda kuangalia machweo na gari la shamba, nenda. Ukiona mti wa mgunga umebeba kitu kama paa la makuti, hicho ni kiota kimoja cha ndege wadogo wanaoishi ukoo mzima pamoja, na swila hupanda kula makinda, kwa hiyo usisimame chini yake kupiga selfi. Miezi ya joto jua likizama mijusi midogo ya mchangani inaanza kulia tk-tk-tk kila mmoja kwenye mlango wa shimo lake, bonde zima.

Mezani subiri, familia nyingi zinaomba kabla ya kula. Nyama choma ya kule inachomwa na mwanaume mwenye nyumba na hakuna anayemharakisha. Vinywaji vingi ni vya kujichukulia kwenye friji na kuandika kwenye daftari. Andika kila kimoja pale pale.

Hatua ya 8: Usiku

Mwezi wa sita mpaka wa nane baridi inashuka mpaka karibu na sifuri na kuna siku inapita chini, asubuhi mabomba yameganda. Beba sweta nzito, kofia, soksi. Viatu usiviache nje, na asubuhi vikung'ute hata vilivyolala ndani, nge wa kule mwenye mkia mnene na koleo nyembamba sumu yake ni kali. Ukitoka usiku washa tochi na angalia miguuni, kifutu halikimbii, linalala hapo hapo njiani. Ukishafika sehemu salama zima tochi yako uangalie juu. Hifadhi ya NamibRand iliyo kanda hiyo ilitambuliwa kimataifa 2012 kwa giza lake, na mashamba jirani anga ni lile lile.

Hatua ya 9: Kuondoka

Kama unaenda Sossusvlei, kule kwenye vilima virefu vya mchanga, uliza usiku uliopita umbali wa mpaka geti la Sesriem, linafunguliwa jua linapochomoza na ndani bado kuna kama kilomita 60 mpaka kwenye vilima vyenyewe. Omba wakufungie chakula cha asubuhi, wanafanya bila neno. Lipa usiku huo huo, daftari la vinywaji mkalipitie pamoja. Bakshishi ya jikoni weka kwenye kopo lao au uwape mkononi wenyewe, na aliyewasha donki naye umkumbuke maana mara nyingi hayuko ndani wakati wa kugawana.

Angalia tairi zote nne kwa mkono, miiba ya kule inaingia kimya kimya. Mageti ni yale yale. Ukifika unakoenda na mtandao ukarudi, mtumie mwenyeji meseji umefika, maana atakuwa anaisubiri.